Kona ya gari la kambi iliyogonga nguzo: shajara ya matengenezo, Mombasa

Jumamosi, 3 Mei 2025

Tumegonga. Tulikuwa tunatoka kwa wakwe zangu Bamburi, narudi kinyumenyume kupita getini, na kijana wa jirani amesimama nyuma ananiita, "njoo, njoo, njoo." Yeye alikuwa akitazama tairi, mimi nikimtazama yeye kwenye kioo. Juu hakuangalia mtu, na huko juu ndiko chumba kinakotokeza nje ya tairi kwa karibu futi moja. Nguzo ya geti ni ya mawe ya matumbawe, imesimama hapo kabla mke wangu hajazaliwa, na haikutikisika. Kilichosikika ni mlio mkavu, kama kifuu cha nazi kinapopasuliwa.

Gari lenyewe ni lori dogo la Isuzu lililojengewa chumba cha kulala cha faiba juu ya chasi. Ukuta wake una matabaka: nje ngozi ya faiba ya milimita 3, kisha fremu ya mbao za inchi 2 kwa 1, katikati ya mbao polistirini (ile nyeupe ya punjepunje inayokuja na televisheni mpya), na ndani plaiwudi ya milimita 4. Karavani nyingi za kuvutwa zimejengwa hivyo hivyo, kwa hiyo mwenye nayo afuate tu.

Madhara: tundu la ukubwa wa kiganja kona ya nyuma kushoto, nyufa zinazotawanyika hadi sentimita 40, ukanda wa alumini wa kona umepinda urefu wa sentimita 60, na taa ya nyuma imevunjika. Nimebandika nailoni kwa tepu, ikabanduka kabla ya magharibi, kwa sababu bodi ya gari linalolala karibu na bahari ina chumvi ambayo jicho haliioni. Niliosha kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na sabuni, nikakausha, nikabandika upya, ikashika.

Jumatano, 7 Mei

Gereji moja ya kisiwani imenitajia shilingi 68,000 na kusubiri wiki tatu. Nimeamua kufanya mwenyewe. Nina grenda, nina drili, nina Jumamosi na Jumapili, na uani kwetu Mikindani pana nafasi ya gari kusimama chini ya turubai.

Jumamosi, 10 Mei

Nimeziba kwa puti ya gari. Nilikata ncha zilizochongoka, nikaweka wavu mwembamba wa alumini nyuma ya tundu, nikapaka puti mara tatu, nikasugua, nikapuliza rangi nyeupe ya kopo. Saa tano za kazi. Ukisimama hatua kumi huoni kitu.

Gharama: puti kilo moja 850, msasa 300, rangi ya kopo 450. Jumla 1,600.

Jumamosi, 17 Mei

Zile 1,600 zimekwenda na maji.

Wiki nzima imenyesha, masika yenyewe. Leo asubuhi puti imepasuka pembeni mwote, na chini yake rangi imefura malengelenge. Nilibonyeza moja kwa kidole, likatoa maji ya rangi ya chai. Si maji ya mvua ya jana hayo. Maji ya mvua ya jana hayana rangi wala hayanuki kama gunia lililosahauliwa stoo.

Nimekaa na jambo hili mchana kutwa na naona makosa yangu yalikuwa mawili. La kwanza ni la vifaa. Puti ya gari imetengenezewa bati, kwa tabaka jembamba. Haina nyuzi ndani, haishiki tundu, na ina unga wa ulanga unaonyonya maji. Bodi ya chumba hiki hunyumbuka kila gari linapopita kwenye tuta. Bati halinyumbuki hivyo. La pili ndilo kubwa: nilifunga ukuta ambao sikuwa nimeuangalia ndani.

Jumapili, 18 Mei

Kabla ya lolote nimetoa mtungi wa gesi ya kupikia na kuupeleka nyumbani. Kuanzia sasa kutakuwa na cheche za grenda na mvuke wa asetoni (maji ya kusafishia yanayoshika moto upesi), na mtungi hauna kazi humo.

Halafu nimefungua upande wa ndani. Nimetoa kitanda cha binti yangu, kabati la chini, kisha plaiwudi. Ilitoka kwa vipande, kama mkate uliolowa. Mbao ya wima ya kona ilikuwa nyeusi. Nilichomeka bisibisi kwa mkono tu, bila nguvu, ikazama mpaka kwenye mpini. Polistirini yenyewe hainyonyi sana, lakini kati yake na faiba maji yalikuwa yamesimama. Unyevu umeshuka sentimita 70 chini ya tundu na kuingia pembeni sentimita 45.

Sasa hili ndilo ningependa kila mwenye gari kama hili alisome mara mbili. Mbao haiozi kwa wiki mbili. Uozo huu una miaka. Nimefuata doa jeusi kwa tochi, nikakuta halianzii kwenye tundu la ajali. Linaanzia juu zaidi, kwenye skurubu za ukanda wa alumini. Mwenye gari wa kabla yetu aliziba ukanda ule kwa silikoni, silikoni ikaachana na alumini, skurubu za chuma zikala kutu kwa chumvi, na kila tundu la skurubu likawa mfereji. Tumelala humo Tsavo, Watamu, Diani, mwanangu kichwa chake kiko sentimita kumi kutoka kwenye mbao iliyooza, na tukawa tunasema harufu ile ni ya godoro. Nguzo ya Bamburi imetufungulia ukuta ambao mimi nisingeufungua.

Basi kazi imebadilika. Si tundu tena. Ni kona nzima, kutoka sakafuni hadi dirishani.

24 Mei hadi 7 Juni: kukausha

Wiki mbili za kungoja, na ndizo ngumu kuliko zote kwa mtu anayetaka kuona kazi inasonga. Hewa ya Mombasa mwezi huu ina maji. Feni peke yake inazungusha unyevu ule ule. Nilichofanya ni kuacha kona wazi ndani na nje, turubai juu, feni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, na usiku nafunga kwa nailoni umande usiingie.

Vipimo viwili vilinisaidia, vyote vya bure. Cha kwanza: nilikata kipande cha mbao kutoka sehemu iliyolowa lakini haijaoza, nikakipima kwa mizani ya jikoni kila jioni. Kilianza gramu 212. Siku ya nne 190, siku ya nane 169, siku ya kumi na mbili 158, na hapo kikakaa siku tatu bila kushuka. Kwa hali ya hewa ya hapa, hicho ndicho kikavu. Cha pili: kabla ya kulala unabandika kipande cha nailoni angavu juu ya mbao na faiba kwa tepu pande zote nne. Asubuhi ukikuta ukungu chini ya nailoni, bado. Nilipata ukungu mara tano kabla ya kupata nailoni safi.

Mbao zilizooza nimekata na kuweka saiprasi mpya, nikazipaka dawa na kuziacha zikauke. Gharama: mbao 480, dawa 350.

Jumapili, 8 Juni

Siku mbaya. Naiandika kwa kirefu.

Jana nilinunua karatasi ya polistirini ya milimita 25 (700), resini ya poliesta, ule utomvu mzito unaoganda pamoja na nyuzi ukawa faiba, kilo mbili (1,200), mati ya faiba kilo moja, ile ya nyuzi fupi zilizotawanyika kama mkeka uliosambaratika (650), na asetoni lita moja (450). Leo nilijaza polistirini mpya katikati ya mbao, ikakaa vizuri, sawasawa na ngozi ya nje. Nikaona imekuwa ukuta wa kunisaidia: nitaweka mati juu yake moja kwa moja, nilowanishe, basi.

Nilichanganya gramu 400 za resini na hadena (dawa ya kuigandisha) asilimia 2, kama kopo linavyosema. Jua lilikuwa kali. Nikapaka, nikabandika mati, nikalowanisha kwa brashi. Dakika ya tatu nikasikia mlio mdogo, kama mafuta kwenye kikaango cha mbali. Nikadhani ni povu la brashi. Kisha mati ikaanza kuingia ndani yenyewe, taratibu, bila mtu kuigusa. Nilibonyeza, na kidole hakikukuta kitu. Polistirini iliyokuwa imejaa ukuta ilikuwa imegeuka kamasi nyeupe inayoteremka kwenye mbao zangu mpya, na mahali pake pana pango. Nilipokimbilia kopo la mchanganyiko nichote resini zaidi, lilikuwa limeshaganda na linatoa moshi. Sikuwa nimefikisha dakika nane.

Nilitoa kila kitu kwa kikwaruzo kikiwa bado laini. Mbao zimepona.

Jumatano, 11 Juni

Muuza duka ameniambia epoksi, resini ya aina nyingine, haili polistirini, na ni kweli. Nimenunua pakiti ya gramu 500 kwa 1,400. Lakini safari hii nimejaribu kwanza juu ya kipande cha plaiwudi: epoksi pamoja na mati niliyokuwa nayo. Mati ilibaki nyeupe na ngumu, nyuzi zimesimama kama mswaki, haikulala hata nilipoibonyeza kwa rola. Sijui kosa ni la nini, na siendelei mpaka nijue.

Jumamosi, 14 Juni

Nimevuka feri ya Likoni, nikaenda Mtongwe kwa fundi wa boti za faiba, mzee ambaye jamaa yangu mvuvi humpelekea boti yake. Nilibeba vipande vyangu vilivyoharibika kwenye mfuko wa plastiki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wataka boti?"

"La, mzee. Nina gari."

Akacheka, akaniambia gari nipeleke kwa watu wa magari. Nikatoa kipande kilicholiwa. Akakigeuza mkononi, akakinusa, na akaacha kazi yake.

"Mwanangu, hii nyeupe na resini ni ndugu. Ukiwakutanisha, mmoja humla mwenziwe." Akanifafanulia: ndani ya resini ya poliesta mna stirini, na polistirini imetengenezwa kwa stirini hiyo hiyo, kwa hiyo huiyeyusha. Nyuma ya resini ya poliesta huwekwa povu la poliurethani, lile la manjano la kwenye kuta za friji, nalo halidhuriki.

Na mati je? Akaipasua kwa vidole. Nyuzi zile zimeshikanishwa kwa gundi ambayo huyeyuka ikikutana na stirini, ndipo mati hulegea na kulala. Epoksi haina stirini, kwa hiyo gundi inabaki na nyuzi zinabaki zimesimama. Ukitaka epoksi, tumia kitambaa cha faiba kilichofumwa. Pia epoksi hushika juu ya poliesta, lakini poliesta juu ya epoksi haishiki vizuri. Ukishachagua epoksi umeshaingia nyumba ile, baki humo.

Hadena akaipunguza. "Asilimia mbili ni ya nchi za baridi. Hapa moja, kivulini, kikombe kidogo kidogo." Chini ya moja akanikataza, kwani resini haitakomaa kamwe, itabaki mbichi ndani. Akaniuliza nilikuwa nimevaa nini machoni. Sikuwa nimevaa kitu. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia tone moja la hadena likiingia jichoni linaweza kuondoka na jicho. Na kama resini yako haikutiwa kobalti (dawa ya kuharakisha kuganda) kiwandani na unaitia mwenyewe, usiikutanishe kobalti na hadena moja kwa moja, hata kwa kijiko kimoja. Huwaka na kulipuka. Ya kwanza ichanganye na resini kabisa, ndipo ya pili ifuate.

Nilipouliza nimlipe nini alikataa. Alinipa na kipande cha povu la manjano kilichobaki kwenye boti. Alinipa pia ubao wa mbambakofi, nikaurudisha kwa shukrani, ni mzito mno kwa ukuta wangu. Wiki iliyofuata nilimpelekea halwa ya 500.

Kabla sijaondoka alisema jambo ambalo ndilo limeongoza kazi yote baada ya hapo: chumba cha faiba ni boti iliyopinduliwa, maji yanatoka juu badala ya chini. Mimi nilikuwa nimekishika kama gari.

Njiani nilinunua barakoa yenye vichujio vya mkaa (2,800) na miwani ya kufunika macho pande zote (350). Vilipaswa kuwa vitu vya kwanza kununua.

Jumamosi na Jumapili, 21 na 22 Juni

Nimerudia, kwa mpango wa mzee.

Kwanza bamba la nyuma. Nilipaka nta mara nne juu ya kipande cha fomaika laini, nikaweka mati mbili na resini, nikaacha likauke usiku, likabanduka likiwa karatasi ngumu na nyororo. Nililikata kubwa kuliko tundu kwa sentimita 5 kila upande, nikalibandika kwa ndani kwa resini iliyokorezwa na nyuzi zilizokatwakatwa, nikalibana kwa skurubu za muda. Sasa tundu lina kitu nyuma yake ambacho hakiyeyuki. Povu la manjano litakuja baadaye kwa ndani. Sehemu ya chini povu halikutosha, nikarudisha polistirini kavu ya zamani, mbali na resini.

Kisha nje. Utaratibu wa kusafisha una mpangilio wake na ukiukosea utaharibu: osha kwa maji baridi na sabuni kuondoa chumvi, acha ikauke, futa kwa asetoni kwa kitambaa safi, *ndipo* upige msasa. Ukianza na msasa unaisugua chumvi na mafuta vikaingia ndani ya mikwaruzo.

Kingo za tundu nimezinyoa kwa grenda na msasa wa 80 zikawa mteremko. Kipimo ni mara 12 ya unene: ngozi ni milimita 3, mteremko usipungue milimita 36. Nimefanya 40. Inatisha, kwa sababu tundu la kiganja linakuwa duara kubwa kama sinia, lakini kiraka kinashikwa na ule mteremko, si na ukingo. Vumbi lake linawasha. Mikono mirefu, kola imefungwa, na kuoga maji baridi kabla ya maji moto.

Mati ya gramu 450 kwa mita ya mraba inatoa karibu milimita 1 kwa tabaka, kwa hiyo matabaka matatu. Kubwa kwanza, ndogo mwisho, ili unaposugua baadaye ule ile ya juu tu na zile za chini zibaki nzima. Resini ni mara mbili na nusu ya uzito wa mati. Nilichanganya gramu 120 kwa kikombe, na hadena mililita 1.2 kwa sindano ya duka la dawa. Nilianza saa nne asubuhi, umande umeondoka, turubai juu, jua haligusi. Ilianza kuganda dakika ya kumi na nane. Hiyo ni nafasi ya kutosha kulowanisha, kupiga rola mpaka viputo vitoke, na kuona mati ikibadilika kutoka nyeupe kuwa angavu. Ikiwa angavu unaona bamba la nyuma kupitia humo, na hapo ndipo nilipopumua.

Gharama: resini nyingine kilo mbili, 1,200.

Jumamosi, 28 Juni

Siku sita baadaye uso bado ulinata kidogo. Nilishtuka, nikadhani asilimia moja haikutosha. Nilichokoza kwa msumari: chini ni gumu kama kigae, kinachonata ni ngozi ya juu tu. Resini ya aina hii haikauki uso ikigusana na hewa mpaka iwe imetiwa nta au imefunikwa kwa nailoni. Nilifuta kwa asetoni, nikapiga msasa, ikaisha. Mwenye kufuata njia hii afunike tabaka la mwisho kwa nailoni laini mara tu baada ya rola, atajiokolea saa moja.

Puti imerudi, lakini sasa kwa kazi yake: tabaka la milimita moja la kusawazisha, juu ya faiba iliyokwisha kushika. Msasa 120, 240, 400, kwenye kipande kirefu cha mbao na si kwa mkono mtupu. Povu la ndani limeingia, plaiwudi mpya (1,500) imefunga.

Jumamosi, 5 Julai

Rangi. Sikupuliza. Rangi za magari za vikopo viwili zina isosayaneti, kemikali yenye kudhuru mapafu, na barakoa yangu haitoshi kwa upuliziaji wake uani penye watoto wa majirani. Nilichukua rangi ya boti ya kopo moja, ya kupaka kwa rola ya sponji na kulainisha kwa ncha ya brashi.

Praima, ile rangi ya chini, ilikaa. Rangi ilikaa nusu. Juu, karibu na ukanda wa alumini, ilikimbia yenyewe na kuacha vijishimo vya duara, kila kimoja na ukingo wake, kama macho ya samaki. Ni silikoni ya yule mwenye gari wa zamani. Nilikuwa nimeikwangua yote inayoonekana; isiyoonekana ilibaki, na nadhani msasa wangu uliisambaza.

Dawa yake si kupaka tena juu. Nimefuta rangi yote mbichi kwa thina, nikanunua maji ya kuondolea silikoni (1,100), nikafuta kwa vitambaa viwili, kimoja cha kupaka na kingine cha kukaushia kabla hakijakauka chenyewe, nikatupa vitambaa, nikarudia mara tatu.

Jumamosi, 12 Julai

Safari hii imekubali. Matabaka mawili, yote kabla ya adhuhuri.

Kuhusu weupe: gari la miaka mingi juani si jeupe. Nilikosea kulinganisha na bodi kama ilivyo, kumbe juu yake pana utando uliochakaa. Nilipoing'arisha sehemu ya jirani kwa dawa ya kung'arisha, weupe wake halisi ukatoka, na mchanganyiko wangu ukaonekana wa manjano mno. Ng'arisha kwanza, linganisha baadaye, na jaribu kwenye kifuniko cha kopo ukisubiri kikauke kabisa.

Gharama: rangi 1,350, praima 900, rola na brashi 500. Msasa wa kazi yote baada ya ile puti ya kwanza umefika 1,400.

Jumamosi, 19 Julai

Ukanda wa alumini nimeunyoosha juu ya gogo kwa nyundo ya mbao, polepole, kutoka nje kwenda katikati ya mkunjo. Una mawimbi bado. Mke wangu anayaona, na mimi nayaona. Kununua mpya ningeweza, lakini umbo la huu silipati.

Hapa ndipo uvujaji ulipoanzia, kwa hiyo hapa sikubana matumizi: gundi ya kuzibia ya poliurethani mirija mitatu kwa 3,300, skurubu 30 za chuma kisichoshika kutu kwa 750. Alumini na chuma kile vikigusana kwenye hewa ya chumvi, alumini ndiyo huliwa, kwa hiyo kila skurubu nimeichovya kwenye gundi kabla ya kuifunga. Gundi inapaswa kujitokeza pembeni urefu wote. Pasipojitokeza hapana gundi ya kutosha. Silikoni sitaitumia tena nje ya gari hili.

Taa ya nyuma, iliyotumika, 2,500.

Jumapili, 27 Julai

Jaribio la maji. Nimebandika kurasa za gazeti kwa ndani kona nzima, kwa sababu gazeti likilowa linaacha duara hata likikauka. Binti yangu ameshika mpira wa maji, akianza chini na kupanda juu, dakika kumi kila sehemu. Ukianza juu maji yanateremka na hujui yameingilia wapi.

Chini: kavu. Kiraka: kavu. Ukanda: kavu. Taa: dakika ya saba duara la ukubwa wa shilingi ishirini likatokea kwenye gazeti. Ni tundu la nyaya nyuma ya taa, sikulitia gundi kwa sababu haikunijia kwamba maji yanaweza kufuata waya. Nimelitia, na waya nimeupa mteremko wa kushuka kabla haujaingia, ili tone lianguke nje.

Jumapili, 10 Agosti

Jumla ya matumizi shilingi 24,980. Katika hizo, 3,940 ni za makosa: puti ya kwanza, polistirini iliyoliwa, gramu 400 za resini na epoksi.

Wiki hii manyunyu ya kusi yamepiga usiku tatu mfululizo, gari limesimama nje bila turubai. Magazeti nimeyaacha mahali pake tangu lile jaribio. Leo tumeyabandua pamoja, ukurasa mmoja mmoja, binti yangu akiuinua kila mmoja kwenye mwanga wa mlango kutafuta duara. Hakuna. Ameingiza pua kwenye kona, amenusa kwa muda mrefu, akasema inanuka rangi. Tumerudisha kitanda chake.